Mifumo isisomane, iulizane

Ndugu Mhariri,

Kila nikifungua redio au gazeti lenu nakutana na maneno yaleyale mawili: mifumo isomane, yaani programu za kompyuta za ofisi mbalimbali zipeane taarifa. Waziri anasema, mkurugenzi wa benki anasema, mwenye mabasi anasema. Nia yao naiunga mkono kwa moyo wote, maana nani hajachoka kubeba nakala ya kitambulisho kilekile kutoka ofisi hii kwenda ile? Lakini neno hilo, kusomana, linanitia hofu. Nimewahi kuishi na mifumo miwili iliyokuwa inasomana, na yaliyotukuta Januari ya 2016 sijayasahau. Naomba nafasi niyasimulie, kwa sababu wafanyabiashara wengi sasa wanasaini mikataba ya kuunganisha programu zao, na naona wanaelekea palepale tulipoangukia sisi.

Mimi ni mtunza stoo. Nilianza kazi 1998 katika kampuni ya jumla hapa Mwanza, tukiuza vifaa vya shule, sabuni na mafuta ya kula. Siku hizo kila bidhaa ilikuwa na kadi yake, imefungwa kwa kamba kwenye rafu: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, baki, sahihi. Stoo ilikuwa na mlango mmoja wa mizigo na kidirisha kimoja chenye wavu. Karani wa mauzo akitaka kujua kama kaunta buku zipo alikuja kwenye kidirisha akauliza. Hakuingia ndani. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa mkali sana kwa hilo. Hata bosi aliulizia kwenye wavu kama wengine. Mwanzoni nilidhani ni ubabe wa mtu mwenye funguo. Baadaye nikaelewa. Kadi inaweza kusema baki ni katoni 40, kumbe 15 zimeshaandikiwa mteja anayekuja mchana, na 3 zimelowa mvua zinasubiri kurudishwa kiwandani. Anayejisomea kadi anaona 40. Anayeuliza dirishani anajibiwa 22.

Kompyuta zilituingia vipandevipande. Stoo tulipata programu yetu 2009. Mauzo walinunua ya kwao 2013, kutoka kampuni nyingine kabisa, na wahasibu walikuwa na ya tatu. Bosi akataka watu wa mauzo waone mzigo uliopo bila kupiga simu stoo kila dakika, na lilikuwa ombi la haki. Kijana mmoja wa TEHAMA akaimaliza kazi hiyo kwa siku mbili na kwa bei nafuu. Aliandika kiprogramu ambacho kila baada ya dakika 15 kilifungua hifadhidata ya stoo, yaani ghala la kumbukumbu za programu yetu, kikaenda kwenye jedwali la bidhaa, kikanakili namba iliyokuwa kwenye safu inayoitwa "idadi", kikaipeleka mauzo. Mifumo ikawa inasomana. Tulifurahi wote. Yule kijana akahama kazi, kiprogramu chake kikaendelea kimyakimya, na baada ya miaka miwili hakuna aliyekumbuka kwamba kipo.

Mwishoni mwa 2015 sisi wa stoo tuliomba mfumo wetu ubadilishwe uhesabu kwa pisi badala ya katoni, maana tulikuwa tumeanza kuwauzia wenye maduka madogo dazeni dazeni. Ijumaa moja usiku, katikati ya msimu wa kufungua shule, waliotutengenezea mfumo wakaweka mabadiliko hayo. Walifanya kazi safi. Katoni moja ya kaunta buku ilikuwa na pisi 36, nasi tulikuwa na katoni 60. Asubuhi safu ya "idadi" ikasomeka 2,160. Ndivyo ilivyotakiwa.

Kule mauzo kiprogramu kikanakili 2,160 na skrini ikaonyesha katoni 2,160. Karani mzoefu angeshtuka. Lakini Januari huwa tunachukua vijana wa muda, na kijana wa muda anaamini skrini. Jumamosi na Jumatatu waliandika oda za katoni 412, na fedha nyingi zikaingia kwa simu papo hapo, kwa sababu kila mwenye duka alitaka kuwahi kabla wazazi hawajaanza kununua. Tulichokuwa nacho ni 60.

Jumanne asubuhi nilikuta foleni ya magari kutoka Magu, Misungwi na Sengerema. Wa Sengerema walikuwa wamevuka kwa kivuko, maana daraja la Kigongo hadi Busisi halikuwepo bado. Kulikuwa na mama mmoja kutoka Ukerewe aliyelipia katoni 45. Zamu yake ilipofika nilikuwa nimebakiwa na katoni 6. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Dada, fedha hizi si zangu peke yangu, ni za walimu wa shule tatu, wamenichangia niwaletee." Nilimpa zile 6, nikampeleka kwa mhasibu arudishiwe salio, na kurudishiwa kwenyewe kulichukua siku nne kwa sababu mfumo wa wahasibu ulikuwa umeshaandika mauzo hayo kuwa yamekamilika. Akalala mjini siku zote nne. Shule zilikuwa zimeshafunguliwa alipopanda meli kurudi Nansio.

Sasa, Mhariri, nani alikosea? Nimeliuliza swali hilo miaka yote hii. Waliobadilisha mfumo wa stoo walibadilisha kilicho chao, na hawakujua kuna mtu nje anakisoma. Waliotengeneza mfumo wa mauzo hawakugusa kitu. Yule kijana alifanya alichoagizwa. Kosa lilikaa kwenye kuunganisha kwenyewe: tulimruhusu mtu wa nje aingie stoo ajisomee kadi, jambo ambalo mzee wangu asingelikubali hata siku moja. Kadi iliandikwa na mtu wa stoo kwa ajili ya mtu wa stoo. "Idadi" ya nini, kwa kipimo gani, imehesabiwa lini, ndani yake kuna iliyoahidiwa au haimo? Sisi tulikuwa tunajua. Safu ya jedwali haikusema.

Baada ya hapo kampuni ilileta msanifu wa mifumo, kijana mpole, aliyekuja stoo kabla ya kwenda kwa bosi. "Shikamoo mama," akaniambia, "naomba unionyeshe kabla hamjawa na kompyuta mlikuwa mnafanyaje." Nilimwonyesha kidirisha, kipo mpaka leo ingawa wavu umeota kutu. Akakitazama muda mrefu, akasema tutajenga hichohicho. Mafundi wa programu wanakiita API. Mfumo wa stoo ukawekewa dirisha moja tu la kuulizia, na hifadhidata yake ikafungwa kwa kila mtu wa nje. Mauzo wakitaka kujua, mfumo wao unauliza: kaunta buku za aina hii, naweza kuuza ngapi leo? Mfumo wa stoo unafanya hesabu zake ndani unavyojua wenyewe, kisha unajibu. Kesho tukibadilisha majedwali yote humo ndani, jibu linabaki lilelile.

Kuandika programu ya dirisha hilo kulichukua siku nne. Kukubaliana litajibu nini kulichukua wiki tatu, na wiki hizo tatu ndizo hasa ninazotaka wafanyabiashara wazisikie, kwa kuwa hazionekani kwenye ankara ya fundi yeyote.

Tulikwama kwenye neno "uliopo". Mkuu wa mauzo alisema mzigo uliopo ni wote ulio chini ya bati. Mhasibu akasema hata ulio njiani kutoka Dar es Salaam, ukishalipiwa, ni mali ya kampuni, kwa hiyo upo. Mimi nikasema uliopo ni ule ninaoweza kuupakia kwenye gari sasa hivi mbele ya mteja. Kila mmoja wetu alikuwa sahihi kwa kazi yake, na kwa miaka yote tulikuwa tunatumia neno moja kwa vitu vitatu bila kujua. Lazima niseme pia kwamba mimi na mkuu wa mauzo tulikuwa hatuelewani tangu 2012, kwa jambo ambalo halina nafasi hapa, na tulikuwa tukiwasiliana kwa kupitia katibu muhtasi. Nimekuja kujifunza kwamba mwaka 1968 Mmarekani mmoja, Melvin Conway, aliandika kuwa taasisi ikisanifu mfumo, mfumo hutoka na sura ya mawasiliano yaliyomo ndani ya taasisi hiyo. Nilipoisikia kauli hiyo nilinyamaza. Idara mbili zisizozungumza zilipata programu mbili zinazochunguliana.

Mwisho tukapata karatasi moja yenye mistari saba, tukaisaini sote watatu. Dirisha litajibu kinachoweza kuuzwa leo. Kinachotarajiwa kitaulizwa kwa swali jingine, nacho kijibiwe pamoja na tarehe. Namba haitatoka peke yake hata mara moja: itatoka na kipimo chake, na pisi ngapi zimo ndani ya kipimo hicho. Itatoka na saa iliyohesabiwa. Bidhaa isiyojulikana stoo itajibiwa "siijui". Mstari huo niliupigania sana, kwa sababu mfumo wa zamani ulikuwa unajibu sifuri, na muuzaji akiona sifuri anamwambia mteja imekwisha wakati kumbe jina limeandikwa vibaya. Dirisha lisipojibu ndani ya sekunde tano, skrini ya mauzo ionyeshe kwamba haijulikani, isionyeshe namba ya jana. Tukitaka kubadilisha jibu lolote tutatoa taarifa siku 60 kabla, na dirisha la zamani litabaki wazi mpaka wote wahamie jipya. Mstari wa saba ni jina na simu ya mtu wa kuuliza, mchana na usiku.

Kuna jambo jingine tulilijifunza baadaye kidogo. Mauzo walipoanza kutuma maombi ya kutengewa mzigo, mtandao ukikatika katikati karani alibonyeza tena, nasi tukajikuta tumemtengea mteja mmoja katoni 10 mara mbili. Msanifu wetu akaweka utaratibu kwamba kila ombi liwe na namba yake ya pekee. Namba ileile ikirudi, stoo inarudia jibu lilelile na haitengi tena. Watunza stoo wenzangu watalielewa hilo haraka, kwani ndiyo kazi ya namba iliyochapwa juu ya hati ya kutolea mzigo yenye nakala tatu. Dereva akirudi na hati ambayo imeshatumika, humpakilii mara ya pili.

Na tusidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Tangu 2017 Watanzania tunalipa serikalini kwa kontro namba kupitia GePG, mfumo wa malipo ya serikali ulio chini ya Wizara ya Fedha, na wengi hatujui kwamba kila tukilipa tunatumia mfano mzuri wa ninachokisema. Taasisi inatengeneza bili kwenye mfumo wake, inaipeleka GePG, inapewa namba. Unakwenda benki au unalipa kwa simu. Benki haifungui majedwali ya taasisi ile. Inauliza namba hii ni deni la nani na ni kiasi gani, inajibiwa, inapokea, na taarifa ya malipo inarudi ilikotoka bili. Mamlaka ya Serikali Mtandao nayo, iliyopo kwa sheria ya 2019, ina mfumo unaoitwa GovESB wa kupitishia maombi na majibu kati ya taasisi. Wataalamu wetu wenyewe wanajua kabisa kwamba mifumo inatakiwa kuulizana. Ni sisi tunaoyasema haya majukwaani ndio tunaolipotosha jambo lenyewe kwa neno hilo la kusomana, na mwenye biashara anayetusikiliza anakwenda kumwambia fundi, "fanya isomane," na fundi anafungua hifadhidata kwa sababu ndiyo njia ya haraka.

Estonia, nchi yenye watu wapatao milioni 1.3, imekuwa ikifanya hivi tangu 2001 kwa utaratibu unaoitwa X-Road. Hawakumwaga kumbukumbu zote kwenye ghala moja. Kila taasisi ilibaki na daftari lake, anayeuliza anajitambulisha, ombi linatiwa saini ya kidijitali na linawekwa kwenye kumbukumbu ili ijulikane nani aliuliza nini na lini. Kwenye biashara, mwanzoni mwa miaka ya 2000 Jeff Bezos wa Amazon alitoa agizo ambalo ulimwengu ulikuja kulijua 2011, pale mfanyakazi wa zamani, Steve Yegge, alipolisimulia. Kila timu iweke madirisha ya huduma, na timu zizungumze kwa madirisha hayo tu. Ni marufuku timu moja kusoma hifadhidata ya nyingine moja kwa moja, na asiyetii atafukuzwa. Kampuni iliyoanza kwa kuuza vitabu ilikuja kukodisha mitambo yake ya kompyuta kwa dunia nzima, na agizo hilo ni sehemu ya njia iliyowafikisha huko.

Ninajua pia upo upande wa pili, na wauzaji wa programu hawautaji. Rafiki yangu ana kampuni ya usambazaji yenye maduka matatu. Miaka mitano iliyopita aliuziwa mchoro mzuri wenye visanduku zaidi ya ishirini, kila kisanduku huduma yake: huduma ya bei, huduma ya punguzo, huduma ya anwani, huduma ya risiti. Yeye ana watu wawili wa TEHAMA. Kila kisanduku kinazungumza na kingine kwa mtandao, na mtandao hukatika. Muuzaji akibonyeza "uza", maswali tisa yanapita huku na huku; moja likikwama mauzo yanakwama, na hao wawili wanakesha wakitafuta ni lipi. Nimelala pale dukani kwake usiku mmoja wa kufunga mwezi nikiwasaidia kuhesabu kwa mkono. Yule rafiki alihitaji mfumo mmoja mzuri, na labda dirisha moja la kuzungumza na benki.

Wanaoniuliza wakate wapi kati ya mfumo mmoja na mwingine huwa nawaambia watoe makaratasi ya zamani. Tafuta hati yenye sahihi mbili. Mtunza stoo akimkabidhi dereva mzigo, walisaini wote. Muuzaji akimkabidhi mhasibu fedha za siku, walisaini wote. Pale mkono mmoja ulipoachia dhamana na mwingine ukaipokea, hapo pana idara mbili za kweli zenye wajibu tofauti, na hapo dirisha linalipa gharama yake. Bei na punguzo havijawahi kusainiana popote. Vilikuwa kwenye daftari moja, la mtu mmoja, na vingeachwa hapo. Sijaona kitabu chochote kinachofundisha hivi, lakini nimeitumia njia hiyo kwa kampuni nne zilizoniita kuwashauri na haijanidanganya.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandishi wenu ni hili. Mkienda kwenye uzinduzi, mkasikia mifumo sasa inasomana, msirudi bila kuuliza. Ulizeni ni nani mwenye daftari, na anajibu maswali gani. Ulizeni akibadilisha mambo ndani mwake, wanaomtegemea watajuaje, na kwa siku ngapi kabla. Ulizeni jibu likiwa si sahihi simu inapigwa kwa nani. Kwa mkurugenzi wa kampuni binafsi ulizeni vilevile, kwa sababu mama wa Ukerewe hakuwa kwenye ofisi ya serikali, alikuwa mbele ya duka la kawaida lililokuwa limenunua programu nzuri tatu.

Ile karatasi ya mistari saba imebandikwa ukutani, kando ya kidirisha. Mstari wa kipimo umeshabadilishwa mara mbili tangu hapo, mara zote kwa taarifa ya siku 60. Mstari wa saba una jina langu, na nikistaafu mwakani litaandikwa la binti niliyemfundisha.

Mtunza stoo,
Nyakato, Mwanza